Uga Hupenya, Mkondo Huenea

Baba yetu ni fundi wa umeme. Kwa miaka mitano alilipia masomo ya fizikia ya yaya yangu bila kujua hasa anasoma nini, kwani tasnifu yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa kizito. Yaya aliniomba nimtafsirie baba ukurasa mmoja.

Ukurasa huo ulihusu mkondo wa umeme na uga sumaku katika kanda nyembamba za supakondakta, yaani vitu ambavyo vikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani. Heike Kamerlingh Onnes aliligundua jambo hilo mwaka 1911 katika zebaki. Kifaransa kilitumia neno moja kueleza jinsi mkondo na uga vinavyokaa ndani ya ukanda. Mimi nilishindwa. “Mgawanyo” hudai mgawaji. “Mtawanyiko” huleta picha ya vitu visivyo na mpangilio, na hapa mpangilio upo.

Nikachagua vitenzi viwili. Uga ukielekezwa wima juu ya ukanda, *hupenya*: huanzia kingoni na kujisukuma ndani, na ukiwa dhaifu haufiki katikati. Mkondo *huenea*: nusu moja ya upana unakwenda, nusu ya pili unarudi. Kingoni umefikia kikomo chake; kuelekea katikati unapungua, lakini upo hata mahali ambapo uga haujapenya. Katika maelezo ya C. P. Bean ya mwaka 1962, kwa vipande virefu vilivyolala sambamba na uga, mkondo hukomea pale uga unapokomea. Ernst Helmut Brandt na Mikhail Indenbom walipokokotoa ukanda mwembamba mwaka 1993, picha ilikuwa tofauti.

Baba alisoma polepole, kisha akamwuliza yaya: “Sasa mama, mkondo huu unatafuta nini mahali sumaku haijafika?”

“Ndio unaoizuia isifike, baba.”

Wakaendelea hadi usiku, kwa Kiswahili, wakizungumzia kiini cha tasnifu yenyewe.

Kitivoni kwetu, tukibishana kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi, huwa tunahesabu nomino kinazokosa. “Supakondakta” nililikopa, na baba hakulijali. Swali lake lilitokana na tofauti kati ya kupenya na kuenea, tofauti aliyokuwa nayo tangu utotoni. Ningependa orodha zetu za istilahi zianze huko, kwenye vitenzi.