Magenge ya Jebel Shams na Mifereji ya Nizwa

Jamaa zetu wengi wa mwambao wamefika Omani. Wako waliokwenda kuzuru ndugu, wako waliokwenda kwa matibabu, na wako waliopumzika siku mbili tatu hali wako njiani kuelekea Umra. Wanaporudi tukiwauliza habari za huko, jawabu huwa ni lile lile: Maskati, soko la Matrah, udi, vitambaa vya mabuibui na halua. Hayo yote ni mema. Lakini nchi yenyewe, walikotoka mababu wa koo nyingi za pwani yetu, iko nyuma ya milima ile mikavu inayouzunguka mji, na familia yenye watoto yaweza kuiona kwa siku mbili, maadamu ina gari imara na dereva asiye na pupa.

Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kama kilomita 160 za barabara pana ya lami. Masafa hayo yapita yale ya kupunguzia Swala kwa madhehebu yetu ya Shafii, kwa hivyo hata aliyekuwa amenuia ukaazi Maskati, akitoka kwenda Nizwa ni msafiri. Vituo vya mafuta njiani vina vyoo, na aghalabu msikiti wenye sehemu ya wanawake. Na kwa kuwa wenyeji wa Nizwa wengi ni Ibadhi, waambieni watoto mapema kwamba wataona watu wakiswali mikono imeteremshwa, wasije wakakodolea macho na kunong'onezana safuni.

Ngome ya Nizwa, yenye mnara mkubwa wa duara, ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi. Mtoto wa Mombasa astahili kusimama juu ya mnara ule akaelezwa jambo moja. Imamu huyo alikuwa na mwana aitwaye Bil'arab, aliyejenga ngome ya Jabrin, mwendo mfupi kutoka hapo, na kaburi lake liko ndani yake. Mwana mwengine, Seif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliizingira Fort Jesus tangu Machi 1696 hadi likaingia Desemba 1698. Yaani ile ngome yetu tunayoipita kila siku tukienda Mji wa Kale ina ndugu zake huku bara ya Omani, mitendeni, mbali na bahari.

Kilichonishika zaidi Nizwa hakikuwa ngome bali maji. Omani haina mto unaotiririka mwaka mzima. Wazee wa kale walichimba mifereji iitwayo aflaj, mmoja huitwa falaj, inayochukua maji kutoka chini ya mlima na kuyaleta mashambani kwa mteremko mdogo, bila pampu wala mashine. Zaidi ya 3,000 ingali inafanya kazi, na mwaka 2006 mitano iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mmojawapo ukiwa ni Falaj Daris wa hapo Nizwa. Ukaapo ukingoni mwake utaona utaratibu wenyewe: maji kwanza ni ya kunywa, kisha ya udhu msikitini, kisha ya kuogea, na wanawake wana mahali pao pa sitara, ndipo yaendapo mitendeni. Huko kila mwenye shamba ana zamu yake, inayohesabiwa kwa muda. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota, na mtu aliamka usiku wa manane kufungua mlango wa maji yake kisha kuufunga kwa haki ya jirani.

Sasa visima vya pampu vimekuwa vingi, na vinapovuta maji kupita kiasi, falaj iliyo karibu hupungua. Nililitazama hilo nikaikumbuka Lamu, ambayo hunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na mchanga ule ule watu wanautaka kwa kujengea.

Kutoka Nizwa njia hupanda hadi Al Hamra, mji wa nyumba za udongo zenye ghorofa, kisha Misfat al Abriyeen, kijiji kilichokaa juu ya mwamba na mashamba yake ya ngazi chini yake. Vijia ni vyembamba, vinapita milangoni mwa watu. Mavazi yetu ya kawaida yanatosha; lililo muhimu ni kutopiga picha wanawake wa kijiji wala kuchungulia nyua zao. Tusilolipenda Lamu tusilifanye Misfat.

Kisha ndiyo Jebel Shams yenyewe. Kilele chake kinapindukia kidogo mita 3,000, nacho ni cha wanajeshi. Wageni huishia uwanda ulio chini yake, kama mita 2,000 juu ya bahari. Gari husimama, mtu hutembea hatua chache juu ya mawe, na ghafla ardhi imekwisha. Mbele yako pana korongo lenye kina cha karibu mita 1,000, magenge yamesimama wima tabaka juu ya tabaka, na chini kabisa uzi mweupe wa changarawe, ndio mkondo wa Wadi Nakhr. Mawe hayo ni ya chokaa yaliyofanyika chini ya bahari, na ndani yake mna mabaki ya viumbe vya baharini. Sisi tuliozaliwa katika nyumba za mawe ya matumbawe hatuhitaji kusomeshwa sana kulielewa hilo, ila kuikuta bahari huko juu kunamnyamazisha mtu.

Kandoni mwa genge ipo njia ya miguu kutoka kijiji cha Al Khitaym hadi As Sab, kijiji kilichohamwa, nyumba zake zikiwa zimebanwa chini ya paa la mwamba. Ni mwendo wa saa moja na nusu au mbili kwenda tu, na sehemu kubwa haina ukuta wa kushikia. Rai yangu ni kuwa watoto wadogo wasiende. Wabaki na mama zao wakiangalia mazulia mekundu na meusi ambayo wanawake husokota nyuzi zake na wanaume huyafuma. Na mchukue masweta: usiku wa kipupwe baridi hufika hadi kuganda.

Jambo la kuhofiwa zaidi si genge bali wadi. Huonekana kavu, jua linawaka, watoto wanacheza changarawe; kumbe mvua imenyesha milimani mbali, na maji yanakuja kama ukuta. Wenzetu wa Garissa na Isiolo wanazijua laga. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu Omani, miongoni mwao wanafunzi waliochukuliwa na maji wakiwa garini katika wilaya ya Al Mudhaibi. Sheria ya nchi ile humshitaki anayevuka wadi yenye maji kwa makusudi. Basi kina mama, mkiwa kiti cha nyuma na kijana anasema maji ni kidogo atapita, msione haya kumwambia asimamishe gari. Kadhalika ile njia ya kuteremka kutoka Sharaf al Alamayn hadi Balad Sayt na upande wa Rustaki, nzuri mno kwa macho, ni ya wazoefu wenye magari ya kuvuta magurudumu yote. Itazameni kutoka juu.

Siku ya pili yafaa Jabal Akhdar. Hapo Birkat al Mawz polisi hukagua, na gari lisilovuta magurudumu yote halipandi. Kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei mawaridi huchanua katika vijiji vya Al Aqr na Al Ayn. Huchumwa alfajiri na kupikwa katika vyungu juu ya tanuri, mvuke ukapozwa ukawa marashi. Ndiyo haya tunayonyunyiza kwa mrashi katika maulidi na harusi, na yanayotiwa ndani ya halua. Ya huko yana harufu ya moshi kidogo. Nunueni kwa mpikaji mwenyewe, mteremke kabla ya Magharibi. Kutoka kizuizi kile cha polisi hadi Maskati haifiki saa mbili.