Imetoka

Mwezi wa pili mwaka jana baba alipokea «décompte» yake, baada ya miaka 27 ya kazi mgodini. Hapa Lubumbashi kila mtu anajua pesa hiyo inavyokwisha: wajomba wanakuja, kiwanja kinanunuliwa bila hati, na baada ya mwaka mmoja mzee anakaa mlangoni akihesabu wapita njia. Baba hakutaka hivyo. Aliamua kununua motokari ya teksi. Yaya wangu angeiendesha, na pesa ya kila jioni ingelipa masomo ya wadogo wetu pamoja na ada yangu ya mwaka wa mwisho katika fakilte hii.

Swali lilikuwa moja: tununue hapa hapa mjini au tuagize kupitia Dar es Salaam?

Yaya alitaka mjini. Alikuwa ameona Toyota IST kwenye uwanja mmoja wa magari, rangi ya fedha, ya mwaka 2005. Muuzaji alitaka dola 6,200; baada ya siku mbili za maneno akashuka mpaka 5,900, karatasi zote na plake zikiwa ndani ya bei. Yaya alikuwa ameiendesha, amefungua kapo, amelala chini yake. «Mi nimeisikia moteri,» alisema. Mama alikuwa upande wake. Alitukumbusha kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Baba aliona mambo kwa namna nyingine. Karibu magari yote yanayouzwa kwenye viwanja hivyo yamepita njia moja: meli kutoka Japani hadi Dar es Salaam, kisha barabara ya Morogoro, Iringa na Mbeya, mpaka wa Tunduma, kuingia Zambia kwa Nakonde, kushuka hadi Kapiri Mposhi, kupita Copperbelt na kutokea Kasumbalesa. Ni karibu kilomita elfu mbili za nchi kavu. Matadi ni bandari ya nchi yetu, lakini kwa mtu wa Katanga iko mbali kuliko ya jirani. Basi baba aliuliza: «Juu ya nini nimulipe mutu mwingine juu ya njila yenye hata mimi naweza kulipa?» Kisha akanigeukia. «Na wewe unasomaka Kiswahili. Utasema nao.»

Sitaficha kwamba nilifurahi. Miaka yote hiyo watu wa nyumbani walikuwa wakiniuliza masomo ya lugha za Kiafrika yanaleta nini mezani. Sasa yalikuwa yameleta kazi. Nilikuwa na umri wa miaka 23, na familia nzima ilikuwa inasubiri niseme.

Tulipata wakala Dar es Salaam kupitia jirani mmoja. Jina lake nitaliacha, kwa sababu mpaka leo sina hakika kama alitukosea. Mara ya kwanza alipopiga simu alimwambia baba, «Shikamoo mzee wangu.» Baba akajibu, «Jambo sana, jambo sana.» Kule upande wa pili kukawa na kimya kidogo. Nilicheka, nikamweleza baba kwamba jibu ni «marahaba». Ningepaswa kukisikiliza kimya kile badala ya kucheka.

Hesabu tuliiandika kwenye daftari la mama. Bei ya kwanza tuliyoona ilimfurahisha baba sana, lakini ilikuwa FOB, yaani bei ya gari likiwa bandarini Japani, kabla ya safari. Ile ya kuangalia ni CIF, ambayo ina gari, bima na meli mpaka Dar es Salaam: dola 3,150. Baada ya hapo, wakala na gharama za bandari 450. Dereva, mafuta na karatasi za kupitisha gari Tanzania na Zambia 600. Forodha kwetu 1,150. Plake na mengineyo 150. Jumla 5,500. Tungeokoa dola 400. Baba alipiga mstari chini ya 400 mara mbili.

Kulikuwa na karatasi nyingine iliyotuogopesha kuliko zote, ile ya mnada kutoka Japani. Ilikuwa na mchoro wa gari, alama ndogo kwenye milango, na maandishi ya Kijapani. Hatukuelewa hata herufi moja, kwa hiyo tulifanya kila kitu kinachopaswa kufanywa. Tuliomba tafsiri, tukaomba tafsiri ya pili kwa mtu mwingine, tukalinganisha. Tulijifunza kwamba 3.5 ni daraja la hali ya gari, na kwamba herufi R ingekuwa na maana kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Letu halikuwa na R. Mwezi wa tatu baba alituma pesa.

Gari lilifika bandarini mwishoni mwa mwezi wa nne. Tarehe 6 mwezi wa tano wakala alipiga simu. Baba aliweka sauti ya nje ili wote tusikie. «Mzee, gari limetoka. Msiwe na wasiwasi kabisa.»

Baba alisimama. «Imetoka!» Aliniangalia, kama mtu anayemwangalia daktari, ili nithibitishe. Nikasema, «Ndiyo, baba. Imetoka.» Mama aliambiwa akiwa nje: «Motokari iko mu njila!» Usiku ule tulihesabu siku. Siku tatu mpaka Tunduma na mpaka wake, siku nne Zambia, tuseme tano, siku mbili au tatu Kasumbalesa, kwenye foleni ndefu ya malori ya shaba. Yaya alianza kutafuta rangi ya teksi.

Siku kumi zilipita. Baba hakutaka kupiga simu. Alisema dereva akiwa njiani hasumbuliwi. Siku ya kumi na nne nilipiga mimi. Wakala alionekana kushangaa kuliko sisi. «Dada, mimi nawasubiri nyinyi. Gari lipo tu yadi. Si nilisema mtatuma hela ya dereva gari likitoka?»

Alikuwa amesema. Niliyakumbuka maneno yake vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeyaandika daftarini kwa mkono wangu: *mtatuma hela ya dereva gari likitoka*. Kwake yeye, gari kutoka ni kutoka bandarini: karatasi zimekamilika, geti limefunguliwa, gari limepelekwa kwenye yadi ya mtu binafsi inayolipiwa kila siku. Kwetu sisi, kutoka ni kuanza safari. Tulidhani akituambia «limetoka» dereva ameshapanda, na kwamba kama kuna pesa ya kutuma ataitaja. Yeye alidhani akituambia «limetoka» tumeshaelewa kwamba zamu ni yetu. Alikuwa anatuheshimu, hakutaka kumdai mzee. Sisi tulikuwa tunamheshimu, hatukutaka kumsumbua. Heshima hiyo ya pande mbili ilitugharimu dola 15 kwa siku, kwa siku 14: dola 210.

Darasani tumefundishwa mzizi huu. *-toka* ni kitenzi cha kuacha mahali. Hakisemi unaenda wapi, wala kama umeanza kwenda. Mtu aliyetoka hospitali anaweza kuwa bado anasimama mlangoni. Hata *-ki-* ya «likitoka» nimewahi kuifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Kilichonishinda hakikuwa msamiati wala sarufi. Sikuuliza swali ambalo mtu huuliza pale tu anapojua kwamba haelewi: imetoka wapi?

Jambo hili linanisumbua mpaka leo. Karatasi ya Kijapani, ambayo hatukuweza kuisoma, haikutudanganya hata kidogo. Gari lilipofika lilikuwa vilevile ilivyosema, mpaka mkwaruzo wa mlango wa nyuma. Tuliikagua kwa sababu ilikuwa lugha ya wageni. Kiswahili cha Dar es Salaam hakuna aliyekikagua, kwa sababu tulisema ni chetu. Na kwa kweli ni chetu kwa namna fulani. Tangu zamani za Msiri kule Bunkeya, shaba na pembe zilikwenda mashariki na maneno yakarudi. Lakini lugha iliyosafiri ikakaa kwa watu wengine haibaki ilivyokuwa. Sisi tunasema *motokari*, wao wanasema *gari*. Sisi tunasema *makuta*, wao wanasema *hela*. Tofauti za namna hiyo si za hatari, maana zinasikika: neno likiwa geni unasimama na kuuliza. Zinazogharimu ni zile za maneno yanayofanana.

Chukua neno *mpya*. Baba aliwaambia majirani kwamba ameagiza «motokari ya mupya», na hakuna aliyemwona mwongo. Gari lilikuwa na miaka karibu ishirini. Lakini kwetu, mpya ni motokari ambayo bado haijakanyaga barabara zetu, iwe imezunguka Japani mara ngapi. Baba angemwandikia wakala kwamba anataka gari jipya, sijui angejibiwa nini, wala kwa bei gani.

Nimefikiri pia juu ya vionyeshi. Kiswahili sanifu kinatupa *hili*, *hilo* na *lile*. Yaya, kwenye uwanja wa magari hapa mjini, alikuwa na *hili*: analigusa, analiwasha, muuzaji amesimama mbele yake, na kesho akirudi na malalamiko anajua mlango wa kugonga. Baba alinunua *hilo*, gari lililotajwa tu. Kwa wiki nyingi halikuwa chuma wala matairi kwetu, lilikuwa habari. Wenzangu wengi huuliza kama kununua mbali ni rahisi au ghali kuliko kununua karibu. Naona kwanza tuulize tunanunua nini. Hapa mjini muuzaji anakuuzia kitu, na bei yake imebeba hofu ambayo yeye ameshaipitia kwa ajili yako njia nzima. Kwa mbali unauziwa maneno, na kazi ya kuyageuza kuwa kitu inabaki kwako.

Motokari iliingia Lubumbashi katikati ya mwezi wa sita, saa nne usiku, imejaa vumbi. Kasumbalesa ilikula dola 140 zaidi, kwa malazi ya dereva na betri iliyokufa kwenye foleni. Mama alifungua daftari, akajumlisha: 5,500, na 210, na 140. Dola 5,850. Tulikuwa tumeokoa dola 50.

Yaya akaongeza hesabu ambayo hakuna aliyeiandika mwanzoni. Kutoka siku aliyotaka kununua ile ya mjini mpaka siku hii ya kwetu kufika, zilikuwa zimepita wiki 15. Kwa siku sita za kazi kila wiki, ni siku 90. Teksi ikileta dola 15 tu kwa siku baada ya mafuta, ni dola 1,350. Alizitaja taratibu, bila kumtazama baba. Katika hizo ilikuwamo ada yangu. Sikuingia kwenye sesheni ya kwanza mwaka ule. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliolipa. Nilisimama nje ya ukumbi, nikiwasubiri wenzangu watoke ili waniambie maswali, nikafanya mtihani katika sesheni ya pili.

Sitaki msomaji aelewe kwamba kununua mbali ni upumbavu. Angekuwapo mtu wa kwetu Dar es Salaam, hata binamu mmoja, zile dola 400 zingekuwa mikononi mwetu. Na uwanja wa magari wa mjini nao una yake: kipimo cha kilomita kinarudishwa nyuma, na karatasi ya mnada mara nyingi haionekani tena. Macho ya yaya ni mazuri, lakini hayaoni R iliyofutwa. Kama ningerudi nyuma ningemwomba baba ahesabu vitu vitatu badala ya kimoja: bei, siku, na mtu wa kusimama karibu na gari akiwa anajua sisi tunamaanisha nini.

Baba hakunilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angelaumu. Siku moja tu, teksi ikiwa imeshaanza kazi, nilipotoka nyumbani kwenda chuoni aliniuliza: «Unatoka, ao unaenda?» Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mimi nilicheka baadaye, nikiwa nimefika barabarani.

Sasa majirani wanaotaka kuagiza motokari wanakuja kwa baba, naye anawatuma kwangu. Nawapa namba ya yule wakala, maana nimekubali kwamba ni mtu wa kweli. Pamoja na namba nawaandikia maswali matatu kwenye kikaratasi, wayasome kila simu inapoingia, hata kama wanaona aibu, hata kama kila neno wamelielewa: Gari liko wapi sasa hivi? Nani yuko nalo? Sisi tunapaswa kufanya nini leo?