Korti ya London ambako raia 12 wana neno la mwisho

Mpenzi msomaji, ukibahatika kufika London, usimalize siku zako zote ukitazama kasri la mfalme na mto Thames. Shuka katika kituo cha treni cha St Paul's, utembee dakika chache hadi barabara iitwayo Old Bailey. Hapo ndipo ilipo korti mashuhuri ya jinai, iliyofunguliwa mwaka 1907 mahali palipokuwa na jela ya Newgate. Kuingia roshani ya umma ni bure, lakini simu iache hotelini, na watoto walio chini ya miaka 14 hawaruhusiwi.

Jitahidi ufike kesi inapoanza. Utaona watu kama 15 wakiingizwa, majina yao yametolewa bila mpango katika daftari la wapigakura. Huenda mmoja ni dereva wa basi, mwingine mwuguzi, mwingine ajuza wa miaka 75. Karani huchanganya kadi zao kama mcheza karata, akaziita moja moja hadi watimie 12. Hao ndio juri, na ndio watakaoamua kama mshtakiwa ana hatia.

Zamani wakili aliweza kumkataa mtu kwa kutopendezwa na sura yake tu. Sheria ya mwaka 1988 ilifuta haki hiyo. Sasa lazima atoe sababu. Marekani mambo ni tofauti. Huko mawakili huwahoji watu kuhusu kazi zao, imani zao, hata kama wamewahi kuibiwa, wakitafuta atakayemhurumia mteja wao. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilibidi iwakataze waendesha mashtaka kuwaondoa watu kwa ajili ya rangi ya ngozi.

Je, watu wasiochujwa wataaminika vipi? Jibu limo katika kibao kilichomo ndani ya jengo la Old Bailey. Mwaka 1670, William Penn na William Mead walishtakiwa kwa kuhubiri barabarani. Juri ilikataa kuwatia hatiani. Ilifungiwa siku mbili bila chakula, maji wala moto, ikashikilia msimamo wake. Kila mmoja alitozwa faini. Edward Bushell na wenzake waliokataa kulipa wakatupwa jela, hadi Jaji Mkuu Vaughan alipoamua kwamba juri haiwezi kuadhibiwa kwa uamuzi wake.

Sisi Kenya tulikuwa na wazee wa baraza, watatu katika kesi ya mauaji. Walitoa maoni, lakini jaji hakulazimika kuyafuata. Walifutwa mwaka 2007.

Kwa hivyo msomaji, ukiwa pale roshanini, muache mshtakiwa kidogo uzitazame nyuso zile 12. Kisha ujiulize: kama jina lako lingeitwa, ungekubali kulala njaa kwa ajili ya mtu usiyemjua?