Kilo za Mgonjwa



Sisi wakaaji wa Mugunga tulizoea kuzijua ndege kwa sauti kabla ya kuziona. Kabla uwanja wa Goma haujafungwa mwishoni mwa Januari 2025, ndege kubwa za mizigo zilitikisa mabati yetu, na zile ndogo zilitujia asubuhi kutoka upande wa Masisi kwa mlio kama wa cherehani. Miongoni mwa hizo ndogo zilikuwamo zilizobeba wagonjwa. Wengi wenu mmetuambia kwamba mngependa kazi hiyo, na tukiwauliza sababu, mnajibu kwamba ni vizuri kuruka. Basi tuwasimulie jinsi tulivyoifahamu kupitia kijana mmoja tuliyemfundisha katekisimu zamani, ambaye baadaye akawa muuguzi, na kwa miaka kadhaa akasafiri katika ndege za kuwaleta Goma majeruhi wa vita. Jina lake hatulitaji, wala la shirika lililomwajiri.

Kazi yenyewe si ngeni katika Afrika yetu. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliianzisha Nairobi huduma ambayo leo inajulikana kwa jina la AMREF, na mpaka sasa ndege zake za wagonjwa zina makao katika uwanja wa Wilson. Walitaka kufupisha njia kati ya mgonjwa na daktari. Kwetu Kivu njia ni kama ugonjwa wa pili. Mabomu yalipoangukia kambi za wahamaji hapa Mugunga tarehe 3 Mei 2024, majeruhi walipelekwa hospitalini kwa barabara, maana Ndosho ni jirani yetu. Aliyepigwa risasi katika msitu wa Walikale hana jirani wa namna hiyo.

Kijana wetu alituambia kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndege ikiwa chini. Kwanza ni kungoja: ukungu uondoke milimani, mapigano yanyamaze, mtu aliye kule athibitishe kwamba udongo umekauka na mbuzi wamefukuzwa. Kule Kilambo, katika Walikale, ndege zilizoea kutua juu ya barabara ya gari, watu wakisimamishwa pande zote mbili. Na saa za kuruka ni chache, kwa kuwa viwanja vya vijijini havina taa, na mchana mvua ya milimani huja bila hodi.

Kisha kuna jambo la hewa, ambalo sisi tuliosomea ualimu tulilipenda sana. Mnajua jinsi pakiti ya biskuti iliyonunuliwa Sake inavyofura gari likifika Mushaki. Ndivyo inavyokuwa kwa hewa iliyonaswa ndani ya kifua kilichotobolewa na risasi: ndege ikipanda, hewa hiyo hutanuka na kulibana pafu. Kwa hiyo muuguzi huhakikisha kwanza kwamba mrija wa kuitoa umewekwa na unafanya kazi, ndipo mgonjwa apakiwe. Huko juu injini hunguruma hata kifaa cha kusikilizia kifua hakisaidii kitu. Itabidi kutazama rangi ya midomo, kushika mkono, kuhesabu pumzi kwa macho. Alituambia kwamba wakati mwingine hujikuta anapumua kwa kasi ya mgonjwa wake pasipo kujua.

Lakini jambo lililomchosha kuliko yote ni uzito. Rubani huuliza kilo za kila kitu: mafuta, chupa za oksijeni, machela, mgonjwa, ndugu anayemsindikiza, muuguzi mwenyewe. Uwanja ukiwa mfupi au umelowa, hesabu huwa kali zaidi. Siku moja kilo zilizidi, naye akashuka ili majeruhi mmoja zaidi apande, mwenzake akabaki na wagonjwa wote peke yake. Alilala kijijini usiku tatu akisikia risasi ng'ambo ya mto, hata ndege iliporudi. Habari hiyo aliitaja kwa sentensi moja, tena kwa sababu tulimuuliza alikopata malaria.

Hapo yatupasa kuungama jambo letu. Shemeji yetu, mke wa mdogo wetu, alishikwa na uchungu wa kuzaa kijijini kwao, huko huko Walikale, na siku ya pili mtoto alikuwa bado hajatoka. Tulifahamu kwamba kesho yake ndege ingetua karibu na hapo. Tukampigia kijana simu usiku. Tulisema naye kama mtu anayedai deni: tulimkumbusha nani alimfundisha kusoma, nani alimwombea nafasi ya shule. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nisamehe. Ndege imetumwa kwa majeruhi wawili wa tumbo, na anayepanga orodha si mimi. Hata ingekuwa mimi, nisingewashusha."

Wanaume wa kijiji walimbeba shemeji kwa kipoyi, wakipokezana mabegani, mwendo wa siku nzima hadi penye daktari. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Kwa miezi kadhaa hatukumsalimu kijana yule. Akija Misa tulitoka kwa mlango mwingine, sisi tuliowafundisha watoto amri ya kusamehe. Tulijua tangu mwanzo kwamba alisema kweli, na kwa sababu hiyo hasira ilizidi kutuwasha. Baadaye tulisikia kwa mwenzake wa kazi kwamba mmoja wa wale wawili alifia angani, dakika chache kabla ya Goma, na kwamba kijana wetu alitua akakaa juu ya machela tupu, akakataa chai. Sisi wakati huo tulikuwa tukimwazia mtu mwenye kiburi cha waliopanda ndege.

Tulimwendea nyumbani kwake. Hatukusema mengi, alituwekea kiti.

Tangu uwanja ufungwe, kazi yake imekuwa ya barabarani. Jumapili moja tulimwomba azungumze na vijana wa parokia, nao wakamuuliza habari za kuruka. Badala ya kujibu, akaazima kwa muuza maharagwe mizani ya magunia, akawapima mmoja mmoja, akaandika kilo zao ubaoni. Kisha akasema: ndege hii inabeba kilo kadhaa, ninyi mmezidi, nani anabaki? Walicheka kwanza. Halafu wakaanza kubishana, na mabishano yakaendelea mpaka muuza maharagwe alipokuja kudai mizani yake.

Shemeji yetu, ambaye vita vilimleta kukaa kwetu Mugunga, alikuwa amewaletea uji. Vijana wakamsihi naye apande. Akavua kandambili, akapanda. Mshale ukasimama kwenye 54.

Kijana aliitazama namba ile kwa muda mrefu, chaki mkononi, wala hakuiandika.