Bunduki Impasayo Mwindaji

Mkulima mwenye busara hanunui jembe kwa kulitazama tu. Hulishika, hulipima uzito, tena huufikiri udongo wa shamba lake na nguvu za mikono yake. Jembe kubwa kuliko yote dukani laweza kuwa baya kuliko yote shambani, kwa kuwa litamchosha mwenyewe kabla ya saa nne asubuhi. Kanuni hiyo yahusu pia bunduki ya kuwindia. Ila akoseaye katika kuchagua jembe hupata hasara ya fedha, na akoseaye katika kuchagua bunduki humtesa kiumbe hai.

Katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, kila mwaka mwishoni mwa Novemba watu maelfu kwa maelfu huingia msituni kuwinda ayala. Wasomaji wa Biblia wamelijua jina hilo tangu utoto. Ayala si paa wala kulungu wa Afrika Mashariki: pembe za dume ni za matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota tena. Ayala wa huko ana mkia ulio mweupe upande wa chini, na akishtuka huuinua kama kitambaa kinachopungwa. Msimu wa bunduki ni majuma mawili hivi tu. Mwindaji sharti awe na leseni, tena avae nguo ya rangi ya machungwa inayong'aa, ili mwenzake asimdhanie mnyama. Nyama ikipatikana huwa kitoweo cha nyumba kwa miezi ya baridi.

Bunduki ipendwayo sana kwa kazi hiyo ni ya komeo. Askari wa King's African Rifles waliijua vema, maana Lee-Enfield waliyoibeba ilikuwa ya namna hiyo. Mpigaji huliinua komeo na kulivuta nyuma, ganda tupu likaruka nje. Kisha hulisukuma mbele, risasi mpya ikaingia, na komeo likafunga imara kama mlango wa ghala. Mjerumani Paul Mauser alitoa mfano wake ulio bora mwaka 1898, nao Wamarekani walipotengeneza bunduki yao ya Springfield mwaka 1903 walilazimika kuilipa kampuni ya Mauser kwa kutumia maarifa yake. Baada ya vita kwisha mwaka 1918, wengi waliorudi makwao walikuwa wameizoea. Winchester Model 70 ikatokea mwaka 1936, na Remington Model 700 mwaka 1962. Sifa ya bunduki hizi ni usahili: vyuma si vingi, shabaha ni ya kuaminika, na kuzisafisha ni rahisi.

Na achukuliwe karani wa mshahara wa kiasi, aingiaye dukani kununua bunduki ambayo huenda atamrithisha mwanawe. Mbele yake zimepangwa kwa hesabu zionyeshazo takriban unene wa risasi kwa sehemu za inchi. Ipo .243 ya mwaka 1955, yenye teke jepesi. Ipo .270 ya mwaka 1925, na .308 ya mwaka 1952. Ipo .30-06, ambayo jina lake lakumbusha mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoichukua. Hizo zote zatosha kwa ayala. Mwisho wa safu ipo .300 Magnum ya mwaka 1963, yenye baruti nyingi, na teke lake begani ni zaidi ya mara mbili ya lile la .243. Hapo ndipo majivuno humnong'oneza karani kwamba iliyo kubwa ndiyo ya kiume.

Lakini bega lililoumizwa halisahau. Safari ya pili, kabla hajavuta kifyatulio, mwili hujikaza, macho hufumba, na mtutu huhama upana wa kidole. Upana wa kidole mtutuni ni hatua nzima na zaidi pale aliposimama mnyama. Risasi iliyokusudiwa moyo na mapafu huingia tumboni. Naye ayala hukimbia na jeraha lake, hujificha kichakani, na hufa usiku asionekane na mtu. Nyumbani hakuna nyama, na msituni kuna maiti isiyomfaa aliyeua.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka karibu na Kenya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell aliwinda ndovu katika nchi ya Karamoja, Uganda. Wengine walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Yeye aliua wengi kwa bunduki ya komeo yenye risasi ya unene wa milimita 7 tu, kwa kuwa alijifunza kwa bidii mahali ulipo ubongo katika fuvu la ndovu. Uwindaji wa namna ile hautamaniwi tena, na Kenya iliupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo fundisho limebaki: kiuacho ni mahali risasi ilipoingia, wala si ukubwa wake.

Basi mnunuzi mwenye akili huhakikisha bunduki haina risasi, kisha huiinua begani akiwa amevaa koti zito la baridi. Kitako kirefu mno kitamkwama kwapani. Jicho likiangukia penye darubini bila kunyosha shingo, imemfaa. Tena huufikiri uzito, maana kilo 3 na nusu si kitu dukani, lakini ni mzigo mlimani jioni. Fedha zikiwa chache, hatamani ubao unaong'aa. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, na bunduki ya zamani ambayo mtutu wake haukuliwa na kutu ndani yafaa kuliko mpya iliyo hafifu.

Fedha zinazobaki na zinunue risasi za mazoezi. Karatasi iliyosimamishwa yadi 100 humwambia mtu ukweli ambao mwenye duka hakumwambia. Matundu yakikusanyika mahali padogo kuliko sahani ya chakula, na aende msituni. Yakitawanyika, na akae nyumbani, hata kama msimu umefunguliwa na rafiki zake wameondoka alfajiri.