Barua kutoka Uingereza: Uzito wa Mbwa Mzee Aliyepona



Nchini Uingereza, ambako mbwa wengi hulala ndani na huhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani, ugonjwa wa mbwa mzee huihuzunisha familia nzima, na anapopona furaha yao mara nyingi huishia katika bakuli lake la chakula. Mbwa aliyekonda kwa maradhi hulishwa kila anachokitamani, na miezi michache baadaye, mizani inapoonyesha uzito wake wa zamani, wenyewe huamini kwamba afya yake imerudi kamili.

Mizani, hata hivyo, haitenganishi misuli na mafuta. Mbwa mzee hupungukiwa na misuli kwa sababu mbili zinazoweza kumpata kwa pamoja: uzee wenyewe, ambao huipunguza polepole hata kwa mbwa asiyeumwa, na maradhi, ambayo huufanya mwili uvunje misuli yake ili kujipatia nguvu. Baadhi ya dawa nazo huzidisha tatizo, kwani prednisoloni, ambayo ni dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe na kuzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, humtia mbwa njaa kali huku ikidhoofisha misuli, na wala haifai kukatizwa ghafla bila idhini ya daktari. Hivyo mbwa aliyekuwa na kilo 30, kwa mfano, anaweza kuzirudia zote ilhali uti wa mgongo umechomoza na tumbo limening'inia, na huyo hajarudi alivyokuwa.

Kwa sababu hiyo madaktari wa mifugo hutumia mikono pamoja na mizani. Katika kipimo cha hali ya mwili chenye alama 1 hadi 9, mbwa wa uzito unaofaa hupata 4 au 5, maana yake mbavu zake huhisika kwa urahisi anapopapaswa na kiuno chake huonekana anapotazamwa kutoka juu, lakini misuli hukaguliwa peke yake, kwa kugusa mgongo, mabega na nyonga.

Faida ya wembamba huo unaofaa ni kubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambao ulifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote, ulionyesha kwamba waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na maradhi ya viungo yalichelewa kuwapata. Matokeo hayo, hata hivyo, si ruhusa ya kumkatia chakula mbwa mzee aliyetoka kuugua, kwani akikondeshwa kwa haraka misuli ndiyo itakayopotea. Anayehitaji kupungua apungue kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, chakula kikipimwa kwa gramu, protini ikibaki ya kutosha isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo, kwa mfano kwa sababu ya figo, na matembezi yawe mafupi ya mara kwa mara.

Msomaji mwenye mbwa mzee anayelinda boma anaombwa ampapase mbavu na mgongo kila mwezi, na akimwona anakonda bila sababu inayojulikana, ampeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumwongezea chakula.