Somo Nililolipata Chini ya Motokaa

Bwana Mhariri ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niandike kidogo juu ya maisha ya mtu aliyekwisha kuaga madawati. Wenzangu wengi wameandika habari za vyuo, za kazi na za safari za ng'ambo. Mimi nitaandika habari za motokaa yangu, kwa kuwa ndiyo iliyonirudisha kwenye somo la fizikia nililolipuuza darasani, na nusura inifundishe kwa damu ya mtu.

Nakaa Kansanga, katika mji wa Kampala. Asiyepajua na afikirie bonde lenye nyumba na maduka mengi, kando ya barabara iendayo Ggaba kwenye ziwa Viktoria. Juu yake kuna kilima cha Muyenga. Asubuhi barabara hujaa wanafunzi wa chuo kikuu kilicho hapo, magari ya abiria na pikipiki za bodaboda zisizohesabika. Barabara kuu ina lami, lakini ukiiacha hatua mia tu wakuta mashimo, matuta, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Motokaa yangu ni Toyota Starlet, ile iitwayo Glanza V, aina iliyoundwa Japani tangu mwaka 1996 hata 1999. Ni fupi, na mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,331 tu, lakini ina taabo, nayo hutoa nguvu za farasi 135; na motokaa nzima haifiki uzito wa tani moja. Magari ya namna hii yalipata sifa hasa tangu mwaka 1976, Volkswagen walipotoa Golf GTI yenye nguvu za farasi 110. Ni gari dogo la kwendea sokoni, ila moyo wake ni wa mashindano.

Nilipoinunua, moyo ulikuwa mzima lakini miguu imechoka. Kwenye kona ililala upande kama mashua, na kwenye mashimo ikagonga ko! ko! Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, ambaye karakana yake ni kivuli cha mfenesi hapo hapo Kansanga. Mzee huyu alijifunza kazi Mombasa katika ujana wake, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Hakufungua hata boneti. Aliweka mikono miwili juu ya bawa la mbele, akalikandamiza kwa nguvu, kisha akaliachia. Motokaa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka tena.

"Umeona, mwanangu?" akasema. "Ingalikuwa nzima ingalipanda mara moja ikatulia. Shokapu zimekufa. Na bushi za mikono ya magurudumu zimekwisha. Tuanze hapo."

Nikamwuliza kama hatuwezi kwanza kuishusha chini, ionekane kama magari ya vijana wa mjini. Akacheka. "Kuishusha ni rahisi. Kuipandisha baada ya ajali ndiyo kazi." Mimi nikaona mzee huyu amepitwa na wakati. Nikamshukuru kwa adabu, nikaenda zangu.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikwenda kwenye gereji nyingine, ambayo sitaitaja, na kijana wa huko akakubali mara moja. Akazitoa springi zote nne, akazikata kwa mashine ya kukatia chuma, akazirudisha na shokapu zile zile zilizokufa. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Motokaa ikakaa chini kama paka anayevizia panya. Jioni ile nilipita Kabalagala polepole, kioo kimeshushwa, nikitazama nani ananitazama.

Mtu wa kwanza kuikataa alikuwa mama yangu. Yeye anakaa Bunga, na kila Alhamisi humpeleka hospitali ya Nsambya kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Njia yetu ni hiyo hiyo ya Ggaba: kutoka Bunga, tunapita Kansanga, kisha Kabalagala, ndipo Nsambya. Alhamisi ile kila tuta lilikuwa adhabu. Tulipofika Kansanga alishika mlango kwa mikono miwili, akafumba macho. Tulipofika hospitali alisema maneno machache tu: "Mwanangu, wiki ijayo usisumbuke. Nitakodi gari." Nilisikia haya, lakini haya yangu haikutosha kunibadilisha.

Siku ya tisa nilikuwa natelemka kutoka Muyenga kuja Kansanga. Mvua ilikuwa imenyesha, na sikuwa na mwendo wa kutisha. Kwenye kona ya kushoto pana sehemu ambayo lami imevimba na kupasuka. Wakati wa zamani motokaa ingaliyumba juu yake ikapita. Mara hii gurudumu la nyuma liliruka hewani, likatua, likaruka tena. Na lilipokuwa hewani, nyuma yote ya gari ikahama upande. Mbele yangu ilikuwa inapanda bodaboda, imembeba mtoto wa shule, msichana mwenye sare ya buluu. Nilizungusha usukani, nami sijui kama nilifanya kwa akili au kwa hofu. Motokaa ikapita mbele ya pikipiki kwa nafasi isiyozidi mkono mmoja, ikaingia mtaroni.

Mwendeshaji alianguka kwa kukwepa, na mtoto akaanguka juu ya nyasi. Kwa rehema za Mungu hawakuumia ila michubuko. Nilitoka mbio, miguu ikitetemeka. Msichana alikuwa anaokota madaftari yake matopeni, moja moja, na kuyafuta kwa sketi yake. Hakulia. Aliniangalia tu. Mwendeshaji akaniuliza, "Ssebo, gari lako limekuwaje?" Sikuwa na jibu. Nililipa gharama za taa iliyovunjika na nikanunua madaftari mengine, lakini jicho lile la mtoto sikuweza kulilipia.

Kesho yake nilimrudia mzee wa chini ya mfenesi. Hakunicheka. Aliniita tuingie pamoja chini ya motokaa, na huko, tumelala chali juu ya gunia, ndiko nilikopata somo langu.

Kwanza alinionyesha springi. Springi ya mbele ilikuwa na mizunguko sita ifanyayo kazi, na kijana yule alikata mmoja na nusu. Nikakumbuka kanuni ya Robert Hooke, iliyotangazwa mwaka 1678, ambayo mwalimu wetu aliiandika ubaoni mara ngapi sijui: springi hunyooka au hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoivuta au kuikandamiza. Ukipunguza mizunguko, springi huwa ngumu zaidi. Tuseme springi nzima yenye mizunguko sita ilihitaji uzito wa kilo 15 ili ishuke sentimita moja; ikibaki na mizunguko minne na nusu, itahitaji kilo 20. Kwa hiyo nilikuwa nimeongeza ugumu kwa theluthi moja, na wakati huo huo nimepunguza nafasi ya gurudumu kupanda. Shimo lilipokuja, springi haikuwa na pa kwenda, na gari likagonga kizuizi cha mpira.

Kisha shokapu. Wengi hudhani kazi yake ni kubeba gari. Sivyo. Springi hubeba, na shokapu, ambayo ni bomba lenye mafuta yanayopenya katika matundu madogo, huizuia springi isiendelee kuchezacheza. Springi yangu ilikuwa imezidi nguvu, na mlinzi wake ni maiti. Ndiyo maana gurudumu liliruka mara mbili.

Tena akanionyesha mkono wa chini wa gurudumu la mbele. Hapo kwanza ulilala karibu sawa na ardhi. Sasa upande wa gurudumu ulikuwa umeinuka juu. Motokaa ikiwa hivyo, huweza kutaka kulala zaidi kwenye kona, ijapokuwa iko chini. Hata lile nililolitaka sikulipata.

Mzee akaokota mawe madogo, akayapanga ardhini. "Kaza mkono wako kama ubao, uupitishe juu ya mawe haya upesi." Nikafanya hivyo, na kiganja kikarukaruka, kikigusa jiwe hili na kuliacha lile. "Sasa ulegeze kidogo, lakini usiuachie." Kiganja kikayafuata mawe yote. "Basi," akasema, "gari linashika barabara kwa tairi, na tairi haliwezi kushika kisichogusika. Barabara laini za Ulaya huvumilia gari gumu. Barabara ya Kansanga haivumilii."

Akanikumbusha mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda mara tano kwa magari ya Datsun: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. "Tazama picha za magari yale," mzee akasema. "Yamesimama juu kama swala. Je, Mehta hakujua kukata springi?"

Tukaanza kazi upya, safari hii kwa mpango. Nilikwenda soko la vipuri la Kisekka siku mbili nikitafuta springi nzima zenye kimo cha asili, ngumu kidogo tu kuliko zile za kiwandani, na shokapu nne mpya zinazolingana nazo. Mzee alikataa kabisa nibadilishe upande mmoja na kuacha mwingine. Shokapu za mbele huenda mbili kwa pamoja, na za nyuma vile vile. Tukatia bushi mpya katika mikono ya mbele. Hapa alinifunza jambo ambalo mafundi wengi wenye haraka hulisahau: boliti za bushi zisikazwe mpaka mwisho gari likiwa limening'inia juu ya jeki. Tulilishusha kwanza, likasimama juu ya magurudumu yake kwa uzito wake wote, ndipo tukakaza. Ukikaza likiwa juu, mpira hukaa umejipinda siku zote, nao hupasuka mapema.

Kisha tukaitazama stabilaiza, ule ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale mno kwenye kona. Nilitaka kutia mnene zaidi. Mzee akasema ungoje. Maana ufito mnene hupunguza kulala, lakini gurudumu moja likikanyaga shimo humsumbua na mwenzake. Tukabadilisha viungo vyake vilivyolegea, basi. Mwisho nilinunua matairi mazuri, nikayatia upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, kisha tukaenda kupima na kunyoosha magurudumu kwa mashine, kazi waiitayo alaimenti.

Kazi yote ilikula mshahara wangu wa mwezi na nusu, pamoja na ule nilioupoteza kwa kukata. Motokaa sasa imesimama kama alivyoiunda Mjapani, na vijana wa Kabalagala hawageuzi shingo. Lakini ukishika usukani utajua. Kwenye kona hulala kidogo, ikatulia, ikafuata pale unapoielekeza. Juu ya lami iliyopasuka magurudumu hufanya kazi huko chini, na mwili wa gari hauna habari. Tulipitia mteremko ule wa Muyenga pamoja na mzee, kwa mwendo wa kiasi, na pale penye uvimbe gari lilipita kana kwamba pamepigwa pasi. Hata hivyo nilipunguza mwendo, na napunguza mpaka leo. Gari linaloshika barabara vizuri lina hatari yake: humdanganya mwenyewe kwamba na wengine wote barabarani wamepata shokapu mpya.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda Bunga mapema, kabla mama hajaita gari la kukodi. Alisita mlangoni, akaingia kwa kunihurumia. Tulipofika Nsambya akatazama nje, akaniuliza, "Leo umenipitisha njia gani?" Nikamjibu kwamba ni ile ile, ya Kansanga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie fundi wako asante."

Wadogo zangu mliomo madarasani, hesabu za springi zinazowachosha leo zina watu ndani yake: mama mwenye mgongo mbovu, na mtoto mwenye madaftari mkononi. Mwalimu akiandika kanuni ya Hooke ubaoni, msisinzie kama nilivyosinzia mimi. Na mkipata motokaa zenu, kama Mungu akijalia, mwanzeni na kile kilichokufa kabla ya kutafuta kinachong'aa.